Una, Hauna, Huenda Una: Historia Fupi ya Lebo za Vyakula vya GMO



Katika somo la sarufi umekwisha kujifunza kwamba sentensi yaweza kulikubali jambo, kulikanusha au kuliacha katika shaka. Tazama mifano hii mitatu:

Unga huu una mahindi yaliyobadilishwa vinasaba.
Unga huu hauna mahindi yaliyobadilishwa vinasaba.
Unga huu huenda una mahindi yaliyobadilishwa vinasaba.

Darasani tungezichambua sentensi hizi, tukazitia alama, kisha tukaendelea na zoezi linalofuata. Nje ya darasa zimewagombanisha mawaziri, wanasayansi, wakulima na wafanyabiashara wa mataifa mengi kwa zaidi ya miaka 25. Zimewahi hata kuamua kama chakula cha msaada kigawiwe kwa wenye njaa au kiondolewe nchini.

Nakuandikia historia hiyo kwa sababu inatuhusu sisi wa Vurra, Arua na Koboko, ingawa maduka yetu ni madogo na bunge lililo karibu nasi liko mbali sana, Kampala. Hoja yangu ni moja. Lebo ni haki ya mlaji ya kuambiwa ukweli, lakini haki hiyo hukamilika pale tu sentensi iliyoandikwa inapomfikia mlaji mahali anaponunulia chakula, kwa lugha anayoielewa. Twende hatua kwa hatua.

GMO ni nini?

Vinasaba ni maelekezo yaliyomo ndani ya seli za kila kiumbe, yanayorithishwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mzao. Kwa sababu yake muhogo huzaa muhogo, na ng'ombe mwenye mabaka aweza kuzaa ndama mwenye mabaka. Tangu kale mkulima amechagua mbegu iliyo bora na kuipanda tena, na kwa kufanya hivyo amebadilisha mazao polepole. Hilo si jambo ambalo dunia inabishania. Ubishi umehusu kiumbe ambacho vinasaba vyake vimebadilishwa maabara kwa njia isiyotokea yenyewe katika kuzaliana kwa kawaida. Kiumbe hicho ndicho kiitwacho kwa kifupi GMO.

Mfano upo hapa hapa Uganda. Katika kituo cha utafiti cha Kawanda, karibu na Kampala, wanasayansi wa Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo, NARO, walichukua jeni ya pilipili hoho wakaiingiza katika migomba, ili migomba ihimili ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na bakteria. Pilipili na mgomba havizaliani shambani hata vikipandwa shimo moja. Maabara ndiyo iliyovikutanisha.

Tafadhali usichanganye mambo mawili. Kuuliza kama chakula fulani ni salama ni swali moja. Kuuliza kama mlaji anapaswa kuambiwa kimetengenezwaje ni swali jingine. Kuhusu la kwanza, Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba vyakula vya GMO vilivyomo katika soko la kimataifa vimepita tathmini za usalama na haielekei kuwa vinahatarisha afya ya binadamu, huku likisisitiza kwamba kila chakula kipimwe peke yake. Makala haya yanahusu swali la pili. Lebo si alama ya sumu. Ni taarifa tu, kama tarehe ya mwisho wa matumizi au orodha ya viambato.

Kopo la nyanya na meli za soya

Nyanya ya kwanza ya GMO iliuzwa Marekani mwaka 1994, ikaitwa Flavr Savr. Miaka miwili baadaye, mwaka 1996, maduka ya Sainsbury's na Safeway nchini Uingereza yalianza kuuza nyanya za kusaga zilizotokana na nyanya zilizobadilishwa vinasaba. Hapakuwa na sheria iliyoyalazimisha kusema hivyo, lakini kopo lilieleza wazi, tena bei yake ilikuwa nafuu. Wateja walisoma, wakalinganisha, wakanunua kwa wingi. Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Mwaka huo huo wa 1996, soya kutoka Marekani ilianza kuwasili Ulaya, nyingine ya GMO na nyingine ya kawaida, zote zimechanganywa katika shehena moja. Soya huingia katika vyakula vingi vilivyosindikwa: mafuta, biskuti, soseji, hata chokoleti. Mnunuzi hakuweza kujua wala kuchagua. Kiswahili kina msemo unaofaa hali hiyo: kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hasira iliyozuka ilikua mwaka hata mwaka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 hata lile kopo la nyanya lilikuwa limeondolewa madukani. Kopo lililosema ukweli liliangushwa na hofu iliyotokana na bidhaa zilizonyamaza.

Umoja wa Ulaya ulianza kudai lebo mwaka 1997, kisha mwaka 2003 ukapitisha kanuni kali zaidi, ambazo zilianza kutumika mwaka 2004. Kwa mujibu wa kanuni hizo, kila kiambato kinachotokana na GMO hutajwa, isipokuwa kama kimeingia kwa bahati mbaya na hakizidi asilimia 0.9 ya kiambato hicho. Kanuni hizo huangalia asili ya chakula. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka soya ya GMO huwekewa lebo hata kama yamesafishwa mpaka maabara haiwezi kuona kinasaba chochote kilichobadilishwa. Hata hivyo, nyama na maziwa ya mnyama aliyelishwa soya hiyo havidaiwi lebo. Unaona, basi, kwamba hata kanuni kali ina mpaka wake, na mpaka huo umechorwa na binadamu waliokaa mezani wakajadiliana.

Marekani yachagua neno jingine

Nchini Marekani mambo yalikwenda polepole. Mwaka 1962 Rais John F. Kennedy, katika ujumbe wake kwa Bunge wa tarehe 15 Machi, alitaja haki ya mlaji ya kupewa taarifa, na ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa duniani kama Siku ya Haki za Walaji. Hata hivyo, kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba chakula cha GMO hakitofautiani na kingine, kwa hiyo hakihitaji kutajwa peke yake.

Jimbo dogo la Vermont lilipitisha sheria yake mwaka 2014, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2016. Kabla mwezi huo haujaisha, tarehe 29 Julai, Rais Barack Obama alitia saini sheria ya taifa zima iliyozifuta sheria za majimbo. Sheria hiyo ya taifa ilianza kuwabana wote mwaka 2022.

Kwa sisi wanafunzi wa lugha, jambo la kutazama ni maneno yaliyochaguliwa. Wananchi walikuwa wamezoea neno GMO. Lebo rasmi haikulitumia. Ilitumia neno lenye maana ya chakula kilichotengenezwa kwa uhandisi wa kibiolojia. Tena, watengenezaji waliruhusiwa kutumia alama ya picha, au msimbo wa kuchanganuliwa kwa simu, badala ya maneno. Mafuta yaliyosafishwa mpaka kinasaba hakionekani hayadaiwi lebo, na kiambato cha GMO kilichoingia kwa bahati mbaya husamehewa hadi asilimia 5. Mafuta yale yale ya soya, basi, husema jambo moja Paris na kunyamaza Chicago. Chakula hakijabadilika, kilichobadilika ni sentensi.

"Huenda" katika mkataba wa dunia

Tutoke sasa katika nchi moja moja tutazame mataifa yakiwa pamoja, kwa maana huko ndiko Uganda ilikoingia katika historia hii. Tarehe 29 Januari 2000, mjini Montreal, mataifa yalikubaliana juu ya Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa bayoteknolojia. Ilifunguliwa kutiwa saini Nairobi mwezi Mei mwaka huo, Uganda ikairidhia mwaka 2001, na ikaanza kufanya kazi tarehe 11 Septemba 2003.

Katika majadiliano hayo Afrika haikukaa kimya. Mwethiopia Tewolde Berhan Gebre Egziabher ndiye aliyekuwa msemaji mkuu wa kundi la nchi zinazoendelea zilizotaka kanuni kali. Upande wa pili walikuwa wauzaji wakubwa wa nafaka: Marekani, Kanada, Argentina, Australia, Chile na Uruguay. Kundi moja lilitaka kila shehena iandikwe kwa uwazi ilicho nacho. Kundi jingine lilisema kutenganisha nafaka shambani, ghalani na melini ni gharama isiyobebeka.

Wakakutana njiani. Hati za shehena ya nafaka ya kula au kusindika zingesema kwamba shehena "huenda ina" viumbe vilivyobadilishwa, na kwamba haikukusudiwa kupandwa. Neno moja la shaka likaokoa mkataba mzima. Lakini shaka hiyo haikuwaridhisha wengi, maana anayeambiwa "huenda" bado hajaambiwa kitu. Mwaka 2006, katika mkutano wa Curitiba nchini Brazil, nchi wanachama zilikubaliana hivi: pale mwenye mali anapojua kwa hakika kilichomo, aandike "ina", pale asipojua, aandike "huenda ina". Watu wazima wenye shahada nyingi walibishana miaka 6 juu ya kitenzi na neno moja la shaka. Usidharau sarufi.

Nako kwenye tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, iitwayo Codex, ubishi kuhusu lebo ulidumu takribani miaka 20. Ulimalizika mwaka 2011 kwa makubaliano yanayoiachia kila nchi nafasi ya kujiamulia. Tangu hapo, nchi inayotaka lebo haiwezi kuambiwa kirahisi kwamba imevunja desturi ya biashara ya dunia. Afrika Kusini, ambako mahindi ya GMO yamekuwa chakula cha kila siku, ilianza kudai lebo mwaka huo huo wa 2011 chini ya sheria yake ya kuwalinda walaji.

Mwaka wa njaa, 2002

Kabla ya Itifaki kuanza kufanya kazi, kusini mwa Afrika kulitokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa West Nile anapaswa kulijua. Mwaka 2002 ukame na njaa vilizikumba nchi kadhaa. Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulileta mahindi ya msaada, mengi yakitoka Marekani, na ndani yake mlikuwamo mahindi ya GMO. Malawi, Msumbiji na Zimbabwe zilikubali kwa sharti kwamba mahindi yasagwe kwanza. Zambia, chini ya Rais Levy Mwanawasa, iliyakataa yote, hata yaliyosagwa, na yaliyokuwa yamekwisha kuingia yakatolewa nchini.

Uamuzi wa Zambia ulilaumiwa na wengi na kusifiwa na wengi, na sitaki kukuamulia. Nataka uone sababu ya lile sharti la kusaga. Punje ya hindi ina sura mbili. Ikiingia chunguni ni chakula. Ikiingia ardhini ni mbegu. Mkimbizi au mkulima aliyepoteza mavuno huweka kando vikombe viwili vya msaada akasubiri mvua. Mikataba huandika kwamba nafaka hii "haikukusudiwa kupandwa", lakini hati hiyo hubaki ofisini na punje hufika shambani bila hati. Kusaga ndiko kulikokuwa lebo pekee isiyohitaji kusomwa.

Kenya: kanuni zisizo na bidhaa

Jirani zetu wa Kenya walipitisha Sheria ya Usalama wa Bayoteknolojia mwaka 2009, iliyounda mamlaka maalumu ya kusimamia mambo hayo. Mwaka uliofuata walijipatia Katiba mpya ambayo kifungu chake cha 46 kinampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Mwaka 2012 zikatoka kanuni za lebo: chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO ni lazima kitajwe.

Kisha mambo yakageuka. Mwezi Septemba 2012 mtafiti wa Kifaransa, Gilles-Éric Séralini, alitoa utafiti uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Mwezi Novemba mwaka huo Baraza la Mawaziri la Rais Mwai Kibaki likapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO. Mwaka 2013 jarida lililouchapisha utafiti huo liliuondoa, likisema matokeo yake hayakutosha kuthibitisha lililodaiwa; mwaka 2014 ulichapishwa tena katika jarida jingine. Marufuku ilibaki palepale hadi tarehe 3 Oktoba 2022, Baraza la Mawaziri la Rais William Ruto lilipoiondoa wakati wa ukame mkali. Kesi zikafuata mahakamani.

Tafakari hali hiyo. Kwa miaka 10 Kenya ilikuwa na kanuni za lebo bila bidhaa ya kuwekewa lebo. Mlaji hakuzoezwa kusoma, mfanyabiashara hakuzoezwa kuandika, mkaguzi hakuzoezwa kupima sokoni. Marufuku ilipoondolewa, watu waliruka kutoka "hauna" hadi "huenda una" kwa siku moja, na hofu ikajaza nafasi ambayo mazoea ya kusoma lebo yangeijaza.

Uganda: muswada uliorudi mara mbili

Sasa tuje nyumbani. Uganda ilipata sera ya taifa ya bayoteknolojia mwaka 2008. Majaribio ya shambani yalikuwa yamekwisha kuanza: migomba huko Kawanda mwaka 2007, na baadaye mihogo huko Namulonge, ikitafutiwa kinga dhidi ya magonjwa ya virusi. Kilichokosekana kilikuwa sheria ya kusema nani aruhusu mazao hayo yatoke mashamba ya utafiti, nani awajibike yakileta madhara, na mlaji aambiweje.

Muswada wa mwaka 2012 ulipita bungeni tarehe 4 Oktoba 2017. Mwezi Desemba Rais Yoweri Museveni aliurudisha. Katika barua yake aliuliza, miongoni mwa mengine, juu ya jina lenyewe la sheria, juu ya haki za jamii zilizotunza mbegu za asili kwa karne nyingi, na juu ya hatari ya kuchanganya mbegu za GMO na za kienyeji. Wabunge waliuandika upya, wakaubadilisha jina ukawa muswada wa kusimamia uhandisi jeni, wakaongeza kifungu kinachomtia dhima mwenye GMO italetapo madhara hata kama hakukosea, wakaupitisha tarehe 28 Novemba 2018. Wanasayansi wengi walilalamika kwamba kifungu hicho kitaua utafiti. Watetezi wa wakulima wadogo walikishangilia. Mwaka 2019 Rais aliukataa tena.

Hadi ninapoandika, Uganda haina sheria mahususi juu ya GMO, na hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kulimwa kwa biashara nchini. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika kifungu cha 41, inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola. Linganisha na kifungu cha 46 cha Kenya. Chetu kinamgusa mwenye ofisi ya serikali. Cha kwao kinamgusa pia mwenye duka. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo nafasi ambayo sheria ya lebo ingepaswa kuijaza.

Utasikia watu wakisema, "Ikiwa hatulimi GMO, lebo ya nini?" Jibu ni kwamba chakula husafiri. Mafuta na vyakula vilivyosindikwa vinavyotokana na soya ya Marekani, Brazil na Argentina, ambako sehemu kubwa ya soya ni ya GMO, huuzwa duniani kote. Sisi tuko mpakani. Kituo cha forodha cha Vurra hutazamana na Kongo, na Koboko hupakana na Kongo na Sudan Kusini kwa pamoja. Bidhaa hupita kwetu zikielekea Aru na Ariwara, nyingine hurudi kutoka huko.

Lebo na kikombe cha posho

Chukulia kwamba kesho Bunge limepitisha sheria nzuri, yenye kudai lebo kwenye kila pakiti. Fuata gunia moja la mahindi. Linatoka Masindi au ng'ambo ya mpaka, linashushwa Arua, linafunguliwa, na yaliyomo yanapimwa kwa debe na kwa kikombe. Mama aliyenunua vikombe vitano anapeleka mahindi yake kwenye mashine ya kusaga, anarudi nyumbani na unga katika mfuko usio na maandishi. Akichemsha posho jioni, lebo imebaki kwenye gunia tupu ghalani, na huenda gunia hilo limekwisha kushonwa kuwa mkeka. Sheria imetiiwa na mlaji hakuambiwa lolote.

Ongeza jambo la pili: lugha. Pakiti nyingi katika maduka yetu zimeandikwa Kiingereza, na zitokazo Kongo zimeandikwa Kifaransa. Mnunuzi anazungumza Kilugbara au Kikakwa, na Kiswahili anapofanya biashara na mtu asiye wa kabila lake. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kiwe somo la lazima shuleni. Ikiwa Kiswahili ni rasmi darasani na mpakani, basi kiwe rasmi pia kwenye gunia.

Jambo la tatu ni mbegu. Eneo letu linapokea wakimbizi wengi, katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi na Lobule, na nafaka ya mgao huuzwa wakati mwingine ili familia ipate sabuni au ada ya kusaga. Sisemi kwamba nafaka hiyo ni ya GMO. Nasema kwamba punje ikishafika sokoni haina tena maelezo yake, na mkulima wa Vurra anaweza kuipanda kando ya muhogo na mtama ambao humpatia enyasa, mlo wetu wa kila siku. Mlaji aliyekosa lebo amekosa chaguo la mlo mmoja. Mkulima aliyekosa lebo amekosa chaguo la msimu mzima, na pengine jirani yake pia, kwa kuwa chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo.

Kwa hiyo kanuni inayotufaa isianzie kwenye pakiti inayong'aa ya duka la mjini. Ianzie kwenye mfuko wa mbegu, ambao mkulima huushika kabla ya kuamua. Ifuate gunia na risiti kutoka kwa mwagizaji hadi kwa muuzaji wa mwisho. Imtake muuzaji wa kikombe aweke kibao mbele ya rundo lake, kama anavyoandika bei. Itangazwe redioni kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili. Na isitumie "huenda" pale ambapo mwenye mali anajua. Haya yote yana gharama: wakaguzi mpakani, maabara ya kupima, muda wa kutenganisha magunia. Wafanyabiashara wanaolitaja jambo hilo hawasemi uongo, maana gharama hiyo huweza kupandisha bei ya posho, na mwenye kipato kidogo ndiye huumia kwanza. Ndiyo sababu nchi mbalimbali zimechagua asilimia tofauti, 0.9, 1 au 5: kadiri kiwango kinavyokuwa kidogo, ndivyo kupima kunavyokuwa ghali. Uganda itapaswa kuchagua chake kwa macho mawili, jicho moja kwenye haki na jingine kwenye mfuko wa mnunuzi.

Wewe unayejifunza Kiswahili una kazi katika jambo hili. Bado hatujakubaliana hata tuviite nini vyakula hivi. Wengine husema "vyakula vya maabara", jina linalotisha kabla ya kueleza. Wengine husema "mazao yaliyoboreshwa", jina linalosifu kabla ya kueleza. Mimi natumia "vilivyobadilishwa vinasaba", kwa kuwa linasema kilichofanyika na kumwachia mlaji hukumu. Siku Bunge litakapoutazama tena muswada huu, atahitajika mtu wa kuandika sentensi ya lebo ambayo bibi wa sokoni ataielewa akisomewa mara moja. Jizoeze kuiandika.

Msamiati

Kiambato: kitu kimojawapo kati ya vile vinavyounda chakula au dawa.
Dhima: wajibu wa kisheria wa kulipa au kufidia madhara.
Kuridhia: nchi kukubali rasmi kufungwa na mkataba.
Kusindika: kubadilisha mazao ghafi kuwa bidhaa, kama soya kuwa mafuta.
Shehena: mzigo mkubwa wa bidhaa unaosafirishwa kwa meli, lori au treni.
Chavua: unga mwembamba wa ua unaosababisha mmea kuzaa mbegu.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya "ina" na "huenda ina" katika hati za shehena. Nani hunufaika na kila moja?
2. Kwa nini Malawi, Msumbiji na Zimbabwe zilitaka mahindi ya msaada yasagwe?
3. Linganisha kifungu cha 41 cha Katiba ya Uganda na kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kuhusu haki ya kupata taarifa.
4. Nenda sokoni kwenu ukamuulize muuzaji mmoja wa nafaka, kwa adabu, kama anajua mahindi yake yalikolimwa. Andika aya moja kuhusu jibu lake bila kutaja jina lake.
5. Tunga lebo ya maneno yasiyozidi 12 kwa ajili ya gunia la mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Isitishe wala isisifu. Kisha itafsiri kwa lugha ya nyumbani kwenu, umsomee mtu mzima, na umuulize ameelewa nini.